Muulize Bibi Mawingu: Kisanduku cha kijani kina maana gani?

Toleo lililopita jarida hili lilichapisha ramani ya mvua ya dunia ya mwaka 2050, kurasa mbili nzima: kijani mvua itakapozidi, hudhurungi itakapopungua. Sikuulizwa kabla haijachapishwa. Ningeulizwa, ningeomba itolewe kwa ukubwa wa kiganja, ili mtu asipate pa kuweka kidole. Barua zilizofika tangu hapo ni nyingi kuliko za mwaka mzima uliopita, na karibu zote zinaihusu hiyo ramani. Kwa wageni wa ukurasa huu: niliendesha modeli za tabianchi kwa miaka ishirini na sita, nikastaafu macho yamechoka na mgongo umepinda. Maswali ya mgongo msiniletee.

*Shikamoo Bibi. Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu kwamba modeli ni kompyuta iliyolishwa takwimu za miaka iliyopita, ikachora mstari kisha ikaurefusha kwenda mbele. Mmoja wao amenibishia. Je, nimewapotosha? — Mwalimu wa jiografia*

Marahaba, mwalimu. Umewapotosha kidogo, na huyo mwanafunzi mpe alama zake.

Modeli ya tabianchi haijui mwaka jana mvua ilinyesha kiasi gani. Inachojua ni kanuni: hewa ikipashwa joto hutanuka, mvuke ukipoa hugeuka maji, upepo juu ya dunia inayozunguka hupinda njia, nishati haipotei. Dunia nzima hukatwa visanduku, kila kimoja kikiwa na upana wa kilomita mia moja hivi, vikapangwa tabaka juu ya tabaka angani na vingine vikashuka hadi kina cha bahari. Ndani ya kila kisanduku kuna namba chache tu: joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, kasi ya upepo na uelekeo wake. Kompyuta hukokotoa kila kisanduku kinampa jirani yake nini katika nusu saa ijayo. Ikimaliza, nusu saa nyingine. Hivyo hivyo mpaka karne iishe.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwingereza Lewis Fry Richardson alilijaribu kwa kalamu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa dereva wa gari la wagonjwa huko Ufaransa. Alitaka kukokotoa saa sita tu za hali ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910 juu ya Ulaya ya kati. Mswada wake ulipotea vitani, ukaja kupatikana Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe. Jibu lake lilikuwa kichekesho: mgandamizo wa hewa ungebadilika kwa hektopaskali 145 ndani ya saa sita, wakati siku yenyewe haukubadilika karibu hata kidogo. Lakini alilichapisha mwaka 1922, kosa likiwa wazi humo humo, na akaeleza ndoto yake ya ukumbi wenye watu 64,000 wakikokotoa kwa pamoja ili waende sambamba na hali ya hewa yenyewe. Ilikuja kujulikana kwamba kanuni zake zilikuwa sawa. Vipimo vya kuanzia ndivyo vilivyokuwa na mikwaruzo ambayo ilipaswa kulainishwa kwanza. Nampenda sana mtu huyu. Katika kazi yetu wengi tungelificha jibu kama lile kwenye droo.

Mwanafunzi wako ana haki, ila si yote. Yako mambo madogo kuliko kisanduku. Wingu la radi lina upana wa kilomita chache. Ndani ya kisanduku cha kilomita mia halionekani kabisa. Kwa mambo hayo tunaandika kanuni ya makadirio: unyevu ukiwa kiasi hiki na joto kiasi hiki, basi chukulia mawingu yamefunika sehemu fulani ya kisanduku. Kanuni hizo hupimwa na kurekebishwa kwa vipimo vya kweli, na hapo ndipo takwimu za zamani zinapoingilia mlango wa nyuma. Hapo pia ndipo modeli zinapogombana. Mwaka 1979 kamati ya wanasayansi wa Marekani iliyoongozwa na Jule Charney ilisema kwamba kabonidioksidi angani ikiongezeka maradufu, dunia itapata joto la ziada la kati ya nyuzi 1.5 na 4.5. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kuupunguza upana huo: ripoti ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, ya mwaka 2021 iliuweka kati ya nyuzi 2.5 na 4. Miaka arobaini! Mkaidi mkubwa alikuwa wingu.

*Bibi, utabiri wa kesho mnakosea. Mtawezaje kujua ya mwaka 2050? — Msomaji asiyeamini*

Swali hili hunifikia kila mwezi, nami hulijibu kwa ufupi ili nisikasirike.

Mwaka 1961 Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Marekani, alirudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Baada ya muda hali mbili zile hazikufanana tena kwa lolote. Ndiyo maana siwezi kukwambia kama tarehe 14 Mei 2050 utahitaji mwavuli, na anayekwambia anaweza mfukuze. Ila sikwambii hayo. Nakwambia kuhusu wastani wa miaka ishirini, na wastani huo haushikiliwi na namba ya leo asubuhi. Unashikiliwa na kiasi cha nishati kinachoingia duniani na kinachotoka. Siwezi kukwambia abiria gani atapanda basi la saa moja. Nauli ikishuka nusu, naweza kukwambia basi litajaa.

*Shikamoo Bibi. Niliipiga picha ramani yenu kwa simu, nikaivuta hadi nikakiona kisanduku kinachofunika eneo letu. Ni cha kijani. Cha ng'ambo ya mto ni cha hudhurungi. Wenzangu sasa wanataka bwawa liahirishwe kwa kuwa mvua itaongezeka. Tufanyeje? — Katibu wa kamati ya maji*

Marahaba, katibu. Msiahirishe kwa sababu ya kisanduku. Zipo sababu nyingine za kuahirisha bwawa, hiyo haimo.

Naomba unisikilize kwa kirefu, maana hili nililifanya mwenyewe. Miaka mingi iliyopita wahandisi wa maji walinijia, wakitaka kujua mto fulani utakuwa na maji kiasi gani baada ya miaka thelathini. Nilikuwa na modeli moja tu, niliyoipenda kwa kuwa nilikuwa nimekesha nayo. Nikawachorea ramani yenye rangi laini kama kitambaa cha hariri. Ulaini huo ndio uliokuwa kosa. Bonde lote la mto lilifunikwa na visanduku sita. Namba sita, basi. Programu ya kuchora ilikuwa imeyeyusha mipaka kati yake, ikaonekana kana kwamba najua tofauti ya mlima na mteremko wake. Mmoja wao akaweka kidole mahali kijani kilipogeukia hudhurungi, akauliza, "Mvua inaanza kupungua hapa, sivyo?" Nikajibu ndiyo. Pale hapakuwa na chochote, ni programu tu ilipochanganya rangi mbili. Baadaye nilirudia kazi ile kwa modeli nyingine nne. Mbili zilisema mvua itazidi, mbili zilisema itapungua. Niliwaandikia barua ya kusahihisha, na mpaka leo sijui kama ilifunguliwa.

Sasa tazama kilichomo kwenye kisanduku chako. Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895. Ndani ya kisanduku cha kilomita mia husawazishwa pamoja na nyika zinazoizunguka, ikabaki tuta. Upande unaopata mvua na upande uliojificha nyuma ya mlima huwa kitu kimoja. Ziwa Victoria ni kubwa kiasi cha kujitengenezea radi zake: usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote, ukakutana katikati ya maji na kupanda juu, ndiyo maana wavuvi hupigwa na dhoruba kabla ya alfajiri. Ziko modeli zilizolichukulia ziwa hilo kama nchi kavu. Ziko nyingine zililipa joto la maji lililokopwa kutoka Bahari ya Hindi. Kompyuta haikulalamika, ilichora ramani yake vizuri tu.

Utasema basi tupunguze visanduku. Tunapunguza. Lakini ukikata upana wa kisanduku nusu, unapata visanduku vinne pale palipokuwa na kimoja, na muda wa kila hatua nao ni lazima uukate nusu, la sivyo upepo utaruka kisanduku kizima kwa hatua moja na hesabu italipuka. Kazi inakuwa mara nane, hata kabla hujaongeza tabaka. Kwa hiyo badala ya kuifanyia hivyo dunia nzima, tunaweka modeli ya kanda: eneo moja tu, visanduku vidogo, na pembezoni mwake modeli ya dunia inaingiza upepo na unyevu kila baada ya saa chache. Mpango wa kimataifa uitwao CORDEX uligawa dunia katika kanda na kuendesha modeli nyingi za namna hiyo, na Afrika ilipewa kipaumbele cha kwanza. Visanduku vya mwanzo vilikuwa vya kilomita hamsini hivi, baadaye ishirini na tano.

Hapa watu wengi huteleza, nami niliteleza. Modeli ya kanda huchora mlima vizuri, pwani vizuri, ziwa vizuri. Lakini ikiwa modeli ya dunia imekosea mahali pepo za mvua zinapopita, ile ya kanda itapokea kosa hilo pembezoni na kulichora kwa ustadi mkubwa. Utapata picha kali ya kitu kisichokuwapo. Kila mara nikionyeshwa ramani ya kilomita tano huuliza kwanza nani alikuwa analisha pembezoni mwake. Huniona mkorofi.

Sisemi visanduku vidogo havina faida. Vikishuka hadi kilomita chache, wingu la radi linaanza kuonekana lenyewe, na ile kanuni ya makadirio tunaiweka kando. Wanasayansi wa Uingereza walifanya hivyo kwa bara zima la Afrika kwa visanduku vya kilomita 4.5, miaka kumi ya sasa na miaka kumi ya mwisho wa karne. Modeli hiyo ilionyesha ongezeko kubwa zaidi la mvua za kumwagika kwa nguvu kuliko modeli ya visanduku vikubwa, na pia vipindi vikavu zaidi katikati ya msimu. Ona: mvua ya mwaka mzima inaweza kubaki ileile, lakini inakuja kwa siku chache zenye hasira.

Basi kuhusu bwawa lenu. Acheni kisanduku, acheni na modeli moja. Mkimpata mtaalamu, mwombeni majibu ya modeli nyingi kwa eneo pana, tuseme bonde zima na majirani zake, na mtazame yote, kuanzia baya hadi zuri. Zikikubaliana, mna kitu cha kushika. Zikigawanyika nusu kwa nusu, nayo ni taarifa: bwawa lipangwe kuvumilia pande zote mbili. Na yapo mawili msiyohitaji kunisubiri. Joto litapanda, kwa hiyo maji yatakayopotea juu ya uso wa bwawa kwa kuvukizwa yatazidi. Na hewa iliyopata joto la nyuzi moja zaidi hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua kubwa za siku moja zitakuwa kubwa zaidi. Njia ya kutolea maji ya ziada isijengwe kwa kipimo cha mafuriko ya wakati wa babu zenu.

*Bibi Mawingu, ramani inasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi. Mimi tangu ujana naona masika ikipungua. Mwongo nani, mimi au kompyuta? — Mfugaji*

Wewe si mwongo. Kompyuta nayo usiiite mwongo mapema. Swali lako wataalamu wameligombania miaka mingi, hata likapewa jina: kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki.

Vipimo viko upande wako. Kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2010 masika ilipungua, ikichelewa kuanza na kuwahi kuisha. Modeli nyingi za dunia, kwa upande wao, zinasema karne hii mvua itaongezeka. Maelezo ni zaidi ya moja, nami nitakupa yale ninayoyaamini.

Kwanza, modeli zenyewe zina tabia mbaya katika eneo hili: nyingi hunyeshea vuli kupita kiasi na kuinyima masika. Ukitazama jumla ya mwaka, unaona namba nzuri na kusahau kwamba imetoka msimu usio wake. Pili, kuna Bahari ya Pasifiki. Kwa miongo kadhaa upande wake wa magharibi umepata joto haraka wakati wa mashariki umebaki nyuma, na tofauti hiyo huvuta hewa yenye unyevu mbali nanyi. Modeli nyingi hazikutarajia hivyo. Zilitarajia mashariki ndiko kupate joto zaidi. Kama bahari itageuka ikafuata modeli, mvua yenu inaweza kugeuka nayo. Kama haitageuka, ramani ina kazi ya kujieleza.

La tatu watu hawalipendi, nalo ni bahati. Kituo cha Marekani cha utafiti wa anga, NCAR, kiliendesha modeli moja mara nyingi, mwanzo mara thelathini kisha arobaini, gesi zilezile, bahari ileile. Tofauti pekee ilikuwa joto la hewa la kuanzia mwaka 1920, lililobadilishwa kwa sehemu ndogo mno: desimali ya kumi na nne. Yule Lorenz tena. Joto la dunia likapanda karibu sawasawa katika zote. Lakini ukitazama eneo moja kwa miaka hamsini, mathalani majira ya baridi ya Amerika ya Kaskazini, dunia moja ya kompyuta inapata joto kali na nyingine karibu haibadiliki, hata mahali pengine inapoa. Zote zimefuata kanuni. Sisi tunaishi katika mojawapo tu. Kwa dunia nzima mabahati haya hufutana. Kwa malisho ya mtu mmoja, hayafutani. Kwa hiyo usishangae nikikueleza kwa uhakika kuhusu sayari na kwa kigugumizi kuhusu kisima chako.

Halafu yakaja ya mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo iliyofeli katika Pembe ya Afrika, La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki ya kati na mashariki, ikiwa imeng'ang'ania. Kundi la wanasayansi wa World Weather Attribution lililinganisha dunia hii na dunia isiyopashwa joto na binadamu, likasema ukame wa namna ile umefanywa kuwa wa uwezekano wa takriban mara 100 zaidi. Sababu kubwa haikuwa mvua peke yake; ni joto lililokausha udongo na majani. Mwishoni mwa 2023 El Niño, kinyume cha La Niña, na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi vikaleta mafuriko kulekule. Mfugaji aliyepoteza mifugo kwa kiu akapoteza iliyosalia kwa maji.

Kwa hiyo ramani inayosema "mvua zaidi" inaweza kuwa kweli, na mifugo yako ikafa kwa ukame vilevile. Ardhi haiangalii mvua iliyonyesha tu; huangalia iliyobaki baada ya jua kuchukua chake. Ningekuwa mhariri, ningechora ramani ya unyevu wa udongo. Lakini mimi si mhariri, na nimeshamwambia.

*Shikamoo Bibi. Ndani ya kompyuta mvua inanyesha kweli? Nina miaka kumi. — Mwanafunzi*

Marahaba, mjukuu wangu. Hapana, hakuna anayelowa. Kuna namba iliyokuwa inasema "mvuke", inapungua kidogo, na namba iliyo chini yake inayosema "maji ardhini" inaongezeka kiasi kilekile. Ila siku moja nilisahau kuandika mstari wa pili, na mvua yangu ikawa inatoweka kabla ya kufika chini. Nilitafuta kosa hilo siku kumi na moja.

*Bibi, nitajie mara moja tu modeli ilisema jambo kabla halijatokea, likatokea. Moja tu. — Mhasibu mstaafu*

Mstaafu mwenzangu, nitakupa mawili, na la tatu la kuongezea.

Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walitumia modeli iliyokuwa na safu moja tu ya hewa, haina hata bara wala bahari. Walisema kabonidioksidi ikizidi maradufu joto litapanda kwa nyuzi 2.3 hivi karibu na ardhi, na tabaka la juu la stratosfia litapoa. Jambo la kupoa juu wakati chini kunapata moto lilisikika geni. Kama jua ndilo lingekuwa linaongeza nguvu, juu nako kungepata joto. Vipimo vya puto na satelaiti vikaja kuonyesha chini kunapanda, juu kunapoa. Manabe alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021, akiwa na miaka 90. Kazi yetu haina haraka.

La pili: volkano ya Pinatubo, Ufilipino, ililipuka Juni 1991. Kundi la James Hansen, mwanasayansi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, likaweka vumbi na gesi zake ndani ya modeli na kutangaza kwamba dunia itapoa kwa takriban nusu nyuzi kabla ya mwisho wa 1992, kisha irudi. Ikawa hivyo.

La kuongezea, kwa kuwa wewe ni mhasibu na unapenda ukaguzi: watafiti wakiongozwa na Zeke Hausfather walizichukua makadirio 17 ya joto la dunia yaliyotolewa kati ya 1970 na 2007 wakayalinganisha na yaliyotokea. Kumi yalikuwa sawa na vipimo. Ukisahihisha kiasi cha gesi ambacho waandishi wake walidhani binadamu watatoa, jambo ambalo fizikia haiwezi kulijua, yanakuwa 14. Matatu yaliyobaki yalikosea. Angalia tu kwamba ukaguzi huo ni wa joto la dunia nzima. Ungefanywa wa mvua ya wilaya moja moja, hesabu isingefunga vizuri hivyo.

*Ramani imeandikwa "8.5" pembeni. Ni nini? — Msomaji*

Ni wati 8.5 za nishati ya ziada kwa kila mita ya mraba ifikapo 2100, yaani dunia ambamo binadamu wamezidi kuchoma makaa na mafuta bila breki. IPCC yenyewe ilieleza kuwa njia hiyo haielekei sana kutokea. Mhariri aliichagua kwa sababu rangi zake huonekana vizuri; ndivyo alivyoniambia, na namshukuru kwa ukweli. Kwa mwaka 2050 tofauti si kubwa mno: katika ripoti ya 2021, kwa kipindi cha 2041 hadi 2060, njia ya upole inakadiriwa kufikisha nyuzi 1.7 juu ya wakati wa kabla ya viwanda, ya kati 2.0, na hiyo kali 2.4. Zinaachana vibaya baada ya hapo.

*Shikamoo Bibi. Marehemu baba yangu alikuwa na kipima mvua nyuma ya nyumba. Ameacha madaftari ya miaka 31, kila siku namba. Ndugu zangu wanataka kuyachoma wakisafisha chumba. Yana faida yoyote, au kompyuta zenu zimeshajua yote? — Binti yake*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Waambie ndugu zako waweke kiberiti chini.

Kompyuta zetu hazijui. Ile miaka 31 hakuna modeli inayoweza kuitengeneza upya kwa mahali pale alipokuwa amesimama baba yako. Tunapotaka kujua kama modeli ya kanda imeuchora mlima vizuri au imetunga, hatuna pengine pa kuangalia isipokuwa kwenye vipimo vya watu kama yeye, na maeneo mengi ya dunia vipimo hivyo ni vichache mno. Uingereza, mwaka 2020, watu zaidi ya 16,000 walijitolea kunakili karatasi zipatazo 65,000 za mvua zilizoandikwa kwa mkono tangu zamani, wakaokoa vipimo zaidi ya milioni tano. Nyingi ziliandikwa na watu wa kawaida.

Piga picha kila ukurasa kabla ya lolote, hata majalada na karatasi zilizochomekwa ndani. Kisha peleka nakala kwenye mamlaka ya hali ya hewa, na madaftari yenyewe ubaki nayo mpaka wakupe stakabadhi. Andika pembeni unayoyakumbuka: kipima mvua kilisimama wapi, kiliwahi kuhamishwa, kulikuwa na mti uliokua karibu ukaanza kukikinga, baba alikuwa akisoma saa ngapi, na alipougua nani alisoma badala yake. Mti mmoja ukikua taratibu kwa miaka ishirini hufanana kabisa na ukame.

Na ukianza kunakili, utachoka na kurasa za kiangazi, zote sifuri, sifuri, sifuri. Usiziruke. Sifuri maana yake baba alitoka nje, akatazama, akakuta hakuna maji. Ukiacha nafasi wazi, mtu kama mimi atadhani siku hiyo hakutoka.